Walioponda Star Wars ya Anakin ndio waliochemsha!

Kaa kijiwe chochote chenye vijana wapenda sinema, taja Star Wars, halafu tia neno moja tu: Anakin. Hapo hapo ubishi unawaka. Mmoja atakwambia zile picha tatu za kuanzia 1999 hadi 2005 ni uozo mtupu, waigizaji wamekakamaa kama miti na dairekta alikuwa kalala. Wa pili ataapa kwamba hakuna picha iliyowahi kumliza kama ile ya mwisho. Wa tatu, ambaye hajaona hata moja, atacheka tu, kwa sababu amesikia kwamba Anakin anamtongoza mtoto wa watu kwa kulalamikia mchanga.

Leo tunachukua upande, na tunasema bila kumung'unya maneno. George Lucas, aliyeziongoza picha hizo, alijua anachokifanya. Waigizaji wake walifanya walichoambiwa wafanye, tena wengine walikifanya kwa ustadi ambao wapondaji hawakukaa chini wakautazama. Kama kuna waliochemsha, wengi wao walikuwa upande huu wa skrini, bisi mkononi.

Na usidhani huu ni ubishi wa kupotezea muda. Kuna watu waliumizwa na kejeli hizi, na mmoja wao nusura tumkose kabisa. Tutafika huko.

Tuelewane kwanza

Star Wars ya kwanza ilitoka 1977, ikiandikwa na kuongozwa na Lucas mwenyewe. Zikafuata The Empire Strikes Back ya 1980, iliyoongozwa na Irvin Kershner, na Return of the Jedi ya 1983, iliyoongozwa na Richard Marquand. Humo adui ni Darth Vader, lile jitu la kofia nyeusi linalohema kama pampu ya baiskeli.

Baada ya kuongoza ile ya 1977, Lucas hakukaa tena kwenye kiti cha mwongozaji kwa miaka 22. Aliporudi alitoa picha tatu mfululizo: The Phantom Menace mwaka 1999, Attack of the Clones mwaka 2002 na Revenge of the Sith mwaka 2005. Hizi zinarudi nyuma kusimulia Vader alitokea wapi. Kumbe zamani alikuwa mtoto mtumwa kwenye sayari ya jangwa, jina lake Anakin Skywalker. Mashujaa wa Jedi wakamchukua na kumfunza upanga wa mwanga. Akakua, akampenda Padmé Amidala aliyekuwa malkia, akamwoa kwa siri, kisha akageuka na kuwa adui wa wote waliomlea.

Kwa upande wa mshiko hakuna aliyelia. Picha ya 1999 ilitengenezwa kwa kiasi cha dola milioni 115 na ikaingiza zaidi ya dola milioni 900. Ya 2005 ilipita milioni 800. Hata wahakiki hawakuwa kitu kimoja kama watu wanavyopenda kusimulia: Roger Ebert, mmoja wa wahakiki wakubwa wa Marekani, aliipa The Phantom Menace nyota tatu na nusu kati ya nne. Attack of the Clones akaikatia, akaipa mbili tu. Lakini pesa na nyota haziamui ubishi. Tuingie kwenye kazi yenyewe.

Picha ambayo stelingi ndiye adui

Kwenye vibanda vya video sheria ilikuwa moja: stelingi hafi, na adui anakula kichapo mwisho wa mkanda. Ukikaa kitini unajua umshangilie nani.

Lucas alitengeneza picha tatu ambazo stelingi na adui ni mtu mmoja. Tena kila aliyeingia ukumbini alishajua mwisho wake, kwa sababu Vader tulikuwa naye tangu 1977. Hapo hakuna siri ya kuficha. Kinachobaki ni swali moja: kijana mzuri anaharibikaje?

Sasa fikiria. Kama kijana huyo angekuwa mtanashati mwenye maneno matamu, anayejiamini, anayependwa na kila mtu, nani angeamini kwamba atakuja kuwaua wenzake? Ilibidi aonekane mapema kwamba kuna kitu hakijakaa sawa. Ilibidi akere. Watu wengi walikereka, wakasema mwigizaji mbovu. Kumbe walichokiona ndicho kilichokusudiwa.

Lucas ni yule yule

Wapo wanaosema Lucas wa zamani alikuwa babu kubwa, wa sasa ndiye aliyechuja. Hawa wamesahau historia.

Lucas alikua akitazama picha za Flash Gordon, zile za vipande vipande za miaka ya 1930, ambazo kila wiki stelingi anaachwa ananing'inia hadi wiki inayofuata. Alitaka kuitengeneza Flash Gordon yenyewe, akakosa haki zake, ndipo akaandika Star Wars. Alichota pia kwa Mjapani Akira Kurosawa, hasa picha yake ya 1958 inayojulikana kwa Kiingereza kama The Hidden Fortress. Katika michezo hiyo watu hawaongei kama wako sebuleni. Wanatamka. Wanasimama wima, wanasema jambo zito, wanachomoa upanga.

Na manung'uniko kuhusu mazungumzo yake yalianza hapo hapo 1977. Harrison Ford, aliyecheza Han Solo, alimwambia Lucas wazi kwamba maneno yale unaweza kuyapiga chapa lakini huwezi kuyatamka. Alec Guinness, mzee wa Uingereza aliyecheza Obi-Wan, hakuyapenda pia, ingawa picha hiyo ilimfanya apendekezwe kugombea Oscar. Mark Hamill amekuwa akisimulia kwa vicheko kwamba maelekezo ya Lucas kwa waigizaji yalikuwa mafupi: ongeza kasi, ongeza moto. Basi.

Kwa hiyo mtindo haukubadilika. Lucas mwenyewe amesema mara nyingi kwamba anazitengeneza picha hizi kama sinema bubu za zamani, ambazo hadithi inabebwa na picha na muziki, maneno yakija nyuma. Ukilijua hilo, unatazama vingine kabisa. Badala ya kusubiri mtu aseme jambo la maana, unaangalia amesimama wapi, mwanga unamwangukia vipi, muziki wa John Williams unamwambia nini.

Sisi tuliokua na picha za Kihindi tungepaswa kuwa wa kwanza kuelewa. Bwana yuko kwenye mvua, anamwaga maneno mazito kuhusu mama yake, ukoo wake na penzi lake, muziki umepanda juu, na ukumbi mzima unafuta machozi. Hakuna anayeuliza kwa nini haongei kama kondakta wa daladala. Tunajua ule ni mtindo, na ndani ya mtindo ule tunajua nani anaweza na nani hawezi. Kwa nini Mhindi apewe nafasi hiyo na Lucas anyimwe?

Dakika moja isiyo na neno

Unataka ushahidi kwamba huyu mtu anajua kuongoza? Rudi kwenye pambano la mwisho la The Phantom Menace. Wajedi wawili, Qui-Gon Jinn (Liam Neeson) na mwanafunzi wake Obi-Wan (Ewan McGregor), wanapigana na Darth Maul, yule mwenye uso mwekundu na mistari myeusi, aliyechezwa na bingwa wa sanaa za mapigano Ray Park. Kwaya inaimba kwa Kisanskriti, panga zinalia. Mara kuta za mwanga mwekundu zinafunga njia, kila mtu anabaki chumba chake.

Hapo kelele zinakatika. Maul anatembea kushoto na kulia kama chui kwenye tundu, macho hayamtoki adui. Qui-Gon anapiga magoti, anafumba macho, anatulia kama mtu msikitini. Nyuma kabisa Obi-Wan hawezi kukaa, anasubiri ukuta ufunguke achomoke. Hakuna anayesema neno, lakini wewe mtazamaji umeshajua watu watatu hawa ni akina nani: mmoja hasira, mmoja imani, mmoja ujana. Kisha kuta zinafunguka, na anayekufa ndiye yule aliyekuwa mtulivu.

Mwongozaji asiyejua kazi hawezi kukutengenezea kitu kama hicho. Na ndani ya picha hiyo hiyo kuna yale mashindano ya magari yanayopaa jangwani, ambayo Lucas aliyachota kwenye mbio za farasi za Ben-Hur. Sehemu kubwa ya mbio hizo haina muziki kabisa. Unasikia milio ya injini tu, iliyotengenezwa na fundi wa sauti Ben Burtt, kila chombo na mlio wake, hadi unaweza kufumba macho ukajua nani anapita.

Malkia mwenye sauti ya ubao

Sasa Natalie Portman. Alikuwa na miaka 16 wakati picha ya kwanza inapigwa mwaka 1997. Wapondaji wanasema Malkia Amidala anaongea kama ubao, hana hisia.

Jamani, hadithi yenyewe inadai hivyo! Malkia yule ana mlinzi wa kike anayefanana naye, Keira Knightley, ambaye hujipaka poda ile ile nyeupe na kukaa kwenye kiti cha enzi huku malkia wa kweli akijificha miongoni mwa wajakazi. Hila hiyo inawezekana kwa sababu moja tu: malkia ana sauti na uso wa kazi, uso ambao mwingine anaweza kuuvaa. Angekuwa anacheka na kukunja uso kama kawaida, mchezo ungeharibika dakika ya kwanza. Yale mavazi mazito aliyoyabuni Trisha Biggar yanafanya kazi hiyo hiyo: ni ngome, na msichana yuko ndani.

Mwangalie Portman anapokuwa kwenye nguo za mjakazi. Sauti inashuka, mabega yanalegea, anacheka na mtoto Anakin. Huyo ni mwigizaji mmoja anayecheza watu wawili, na wengi hawakugundua.

Baadaye Portman alieleza kwamba baada ya Star Wars alionekana mwigizaji mbovu na waongozaji hawakutaka kufanya naye kazi. Mwaka 2011 alibeba Oscar ya mwigizaji bora wa kike kwa picha ya Black Swan.

Anakin na mchanga wake

Hapa ndipo penye moto. Hayden Christensen, kijana wa Kanada, alichaguliwa mwaka 2000 akiwa na miaka 19. Hakuokotwa barabarani. Picha yake ya Life as a House ya 2001 ilimpatia nafasi ya kugombea Golden Globe, na Shattered Glass ya 2003, ambamo alicheza mwandishi wa habari mwongo, ilisifiwa sana. Katikati ya hizo mbili ndipo ilipotoka Attack of the Clones. Je, mtu anajua kuigiza mwaka 2001, anasahau 2002, anakumbuka tena 2003? Haiingii akilini.

Turudi kwenye mchanga. Anakin na Padmé wako kwenye jumba la kifahari kando ya ziwa. Padmé anakumbuka utoto wake, jinsi walivyokuwa wakiogelea na kujilaza mchangani jua liwakaushe. Anakin anajibu kwamba mchanga haupendi, unakwaruza na unaingia kila mahali. Ukumbi unacheka.

Lakini sikiliza tena nani anaongea na nani. Padmé ni mtoto wa geti, mchanga kwake ni likizo. Anakin alikulia jangwani akiwa mtumwa, mchanga kwake ni shida, ni mama aliyeachwa nyuma akiwa bado mali ya mtu. Kwa sentensi chache Lucas amekuonyesha umbali kati ya wapenzi hawa. Halafu Anakin anajaribu kuugeuza uchungu huo kuwa mistari ya kutongozea, na inatoka ovyo. Itatokaje vizuri? Tangu ana miaka tisa amelelewa na watawa waliomkataza kupenda. Hajawahi kumwona baba akimtania mama. Ni kijana wa miaka 19 aliyejifunza maneno ya mahaba mbele ya kioo. Nani kati yetu hajawahi kuona barua ya namna hiyo, yenye maua pembeni na maneno makubwa kuliko mwandishi?

Baada ya hapo mama yake anafia mikononi mwake. Mama huyo, Shmi, amechezwa na Msweden Pernilla August, ambaye mwaka 1992 alipata tuzo ya mwigizaji bora wa kike huko Cannes. Anakin analipiza kisasi kwa kuua kijiji kizima. Anarudi, yuko gereji, anatengeneza kifaa. Anaanza kwa sauti ya chini, kama mtu anayezungumzia kazi. Ghafla anakitupa, sauti inapanda, anaungama kwamba ameua hadi wanawake na watoto. Macho yanatoka, mate yanaruka, kisha anaporomoka chini na kulia kama mtoto. Christensen amebadilika mara tatu ndani ya muda mfupi. Ukisema huyo ni mti, basi sijui mwigizaji ni nani.

Na bado hujafika Revenge of the Sith. Kuna kipande ambacho Anakin yuko peke yake kwenye ukumbi wa baraza la Wajedi, Padmé yuko nyumbani, jua linazama juu ya jiji. Kila mmoja anatazama dirishani upande wa mwenzake. Hakuna kati yao anayefungua mdomo. Kinachosikika ni maneno ya yule mshawishi Palpatine yakimrudia Anakin kichwani, halafu sauti ya mwanamke kwenye muziki, kama kilio. Chozi linamtoka Anakin. Hapo ndipo anapoamua, na dunia yote inageuka. Tunamwona mtu akifanya uamuzi mbaya kuliko yote maishani mwake, kwa uso peke yake.

Mwongozaji mmoja, waigizaji wengi

Wapondaji wana hoja moja yenye nguvu, na haifai kuikwepa: mbona Ian McDiarmid na Ewan McGregor wanang'ara kwenye picha hizo hizo, chini ya dairekta huyo huyo?

Jibu lenyewe linatusaidia sisi. McDiarmid ni mtu wa jukwaani, alikuwa mmoja wa waliouongoza ukumbi wa Almeida wa London, na mwaka 2006 alibeba tuzo ya Tony kule New York. Anaujua mtindo wa kutamka. Tazama kile kipande cha kwenye jumba la opera, ambapo Palpatine anamsimulia Anakin hadithi ya bwana mmoja aliyeweza kuzuia kifo. Hapigi kelele. Amekaa kitini anaongea taratibu kama babu anayesimulia kisa, na kila sentensi ni ndoano. McGregor naye alikaa akatazama picha za zamani za Alec Guinness ili aipate sauti yake, ndiyo maana unamwamini kwamba atakuja kuwa yule mzee wa 1977.

Wote wawili walicheza ndani ya mtindo wa Lucas, hawakupigana nao. Na kama mtindo ule ulikuwa unaua uigizaji, basi ungewaua na wao. Tofauti iko kwenye nafasi walizopewa. McDiarmid kapewa shetani mwenye ulimi wa asali, McGregor kapewa mwalimu mwenye utani. Christensen kapewa kijana aliyejaa hofu, anayeficha ndoa na asiyejua kueleza kinachomsumbua. Nafasi ngumu kuliko zote, na isiyo na shukrani.

Ongeza hili. Attack of the Clones ni miongoni mwa picha kubwa za kwanza kupigwa zote kwa kamera za dijitali. Sehemu kubwa ilifanyika Sydney, Australia, waigizaji wakiwa mbele ya pazia la buluu. Jiji, adui na mnyama vitawekwa baadaye na kompyuta. Jaribu wewe kumwogopa mnyama ambaye ni kijiti chenye alama.

Makosa yapo

Kutetea si kupofuka. Mazungumzo mengine ni mazito kumeza, na hakuna mwigizaji angeyaokoa. Vikao vya Seneti katika picha ya kwanza vinachosha. Na kuna malalamiko ya haki kabisa kuhusu lafudhi za baadhi ya viumbe wa The Phantom Menace: watu wengi waliona kwamba Jar Jar Binks anafanana na dhihaka kwa watu wa Karibi, na wale wafanyabiashara wa Trade Federation dhihaka kwa Waasia. Hayo ni maamuzi ya aliyeandika na kuongoza, na ayajibu yeye.

Lakini watu hawakumwendea yeye. Waliwaendea waigizaji.

Bei waliyolipa

Ahmed Best alikuwa kijana mweusi wa Marekani, mcheza ngoma wa kundi la Stomp, alipochaguliwa kucheza Jar Jar Binks. Alivaa suti na kichwa cha bandia juu ya kichwa chake, akacheza, akaruka, akatoa sauti, kisha mafundi wa kompyuta wakamvika yule kiumbe. Jar Jar ni miongoni mwa wahusika wakubwa wa kwanza kutengenezwa kizima kwa kompyuta kwa kufuata mwili wa mwigizaji, katika picha ya watu halisi. Gollum wa The Lord of the Rings, anayesifiwa na wote, alikuja nyuma yake.

Malipo yake? Matusi dunia nzima, na tuzo ya Razzie, ile ya kejeli wanayopewa eti wabovu wa mwaka. Mwaka 2018 Best alisema hadharani kwamba kejeli zile zilimfikisha mahali pa kutaka kuyakatisha maisha yake. Aliandika hayo pamoja na picha yake akiwa na mwanawe mdogo, pale pale alipokuwa amesimama siku ile.

Jake Lloyd, aliyecheza Anakin mdogo, alikuwa na miaka minane tu wakati wa kupiga picha. Aliacha kuigiza mwaka 2001. Baadaye alieleza jinsi watoto wenzake shuleni walivyokuwa wakimsakama kwa kumwigizia mlio wa upanga wa mwanga kila anapopita. Mtoto! Christensen naye alitupiwa Razzie mbili, kwa picha ya 2002 na ya 2005.

Hapa ndipo ubishi wetu wa kijiweni unapogeuka kuwa jambo zito. Kusema picha fulani imekuboa ni haki yako, umelipa kiingilio. Kumfuata mwigizaji na kumvunja kwa sababu alifuata maelekezo ya bosi wake ni kitu kingine. Tena mchezo huo haujaisha. Mwaka 2018 Kelly Marie Tran, mwigizaji wa The Last Jedi, alifuta picha zake zote Instagram baada ya matusi. Mwaka 2022 ikawa zamu ya Moses Ingram, dada mweusi wa kwenye Obi-Wan Kenobi.

Kwetu Afrika Mashariki jambo hili halipo mbali. Lupita Nyong'o, Mkenya wetu, aliingia Star Wars mwaka 2015 katika The Force Awakens kama Maz Kanata, yule bibi mdogo mwenye miwani mikubwa. Uso wa Lupita huuoni hata mara moja. Kompyuta ilinasa macho na misuli yake ikaviweka kwa kiumbe. Tulimfagilia, na alistahili. Lakini njia aliyopita iliwahi kufyekwa na Ahmed Best, ambaye alikula mawe.

Waliorudi kwa makofi

Muda umeanza kulipa deni. Watoto waliokuwa na miaka minane mwaka 1999 sasa ni watu wazima wenye sauti. Christensen aliporudi kama Anakin katika tamthilia ya Obi-Wan Kenobi mwaka 2022 na Ahsoka mwaka 2023, alipokewa kwa shangwe. Ahmed Best alirudi mwaka 2023 katika The Mandalorian, safari hii uso wake ukionekana, akicheza Mjedi anayemwokoa mtoto Grogu. Aprili 2025 Revenge of the Sith ilirudishwa kwenye kumbi kuadhimisha miaka 20, na wikiendi hiyo ikashika nafasi ya pili kwa mapato Marekani, ikiyazidi mapya kadhaa. Kwa picha iliyoitwa uozo, si mchezo.

Hakuna kilichobadilika kwenye mkanda. Uigizaji ni ule ule, neno kwa neno. Kilichobadilika ni watazamaji.

Kwa hiyo wewe mbishi, wikiendi hii fanya hivi. Weka Revenge of the Sith, zima simu, na usisubiri watu waongee kama washikaji wako wa mtaani. Tazama pale opera. Tazama lile chozi dirishani. Tazama pambano la mwisho kwenye sayari ya moto, ambalo McGregor na Christensen walilifanyia mazoezi hadi wakaweza kulicheza wenyewe, na uangalie uso wa Obi-Wan anapomwachia mdogo wake aungue. Ukimaliza na bado unasema wamechemsha, sawa, hiyo ni ladha yako na hatugombani.

Ila usimtukane mtu. Mponde Lucas ukitaka, ni bilionea huyo, mwaka 2012 aliiuzia Disney kampuni yake kwa dola zipatazo bilioni 4. Ataishi.